Kichupa Kisicho na Kitu

Kamanda alitaka faili lifungwe. Mshukiwa amekufa, alisema, na maiti haipelekwi mahakamani, sasa Inspekta Lamiley Okpoti anaendelea kuchoma petroli ya serikali kwa faida ya nani? Inspekta akamjibu kwamba petroli ya serikali ilikwisha zamani, siku hizi anajaza tangi kwa pesa yake, kwa hiyo Kamanda asikose usingizi. Kamanda hakupenda jibu lile, lakini alimpa hadi jioni.

Mwenye faida alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi. Mzee Komla Agbenyega alikuwa nahodha wa kivuko cha Ziwa Volta mpaka alipostaafu, na alikuwa na tabia ya watu wa majini ya kukaa kimya muda mrefu bila kuonekana amechoka. Kila asubuhi alifika kituoni na shati lake jeusi la msiba, akasalimia kila askari, akaketi. Binti yake Dzigbodi, mtafiti wa malaria, alikuwa bado mochari hapa Accra. Kule kwao Kpando wazee wa ukoo walikuwa wameshasema neno lao: aliyekufa na jina la wizi halazwi sebuleni kwa babu yake watu wakamuaga, hapigiwi ngoma, na kaburi lake linachimbwa pembeni.

"Mimi sikuombi umfunge mtu," mzee alikuwa amemwambia Inspekta siku walipojuana. "Niambie tu kama mwanangu aliiba. Kama aliiba nitamzika hivyo hivyo, ni wangu. Lakini nijue."

Asubuhi hii aliomba lift. Alikuwa amepigiwa simu kutoka Taasisi ya utafiti alikofanya kazi binti yake, aende akachukue vitu vya marehemu, maana meza yake inatakiwa na mtu mwingine. Inspekta akamfungulia mlango wa mbele, wakapanda mlima bila kuzungumza. Ulikuwa mwezi ule ambao Waga, wenyeji wa Accra, kwa mila yao huzuia ngoma na makelele mjini, hata makanisa yalikuwa yameshusha sauti, na ukimya wa ndani ya gari haukuwa na mahali pa kujificha.

Inspekta alitumia safari ile kuipitia kesi tena kichwani.

Kimelea cha malaria kikitaka kuingia kwenye chembe nyekundu ya damu, hushika kwanza kitu kilicho juu ya chembe, mfano wa kitasa cha mlango. Wataalamu hukiita kipokezi. Kuna viwanda ng'ambo vinavyochukua kinasaba cha binadamu, vinakipandikiza kwenye seli zinazokuzwa katika mapipa, na seli zile zinafyatua vitasa vitupu, bila mlango na bila mtu. Vinasafishwa, vinakaushwa, vinatiwa kwenye vichupa visivyozidi kidole cha mtoto. Profesa Yamoah Domfeh alivihitaji ili ajue ni kinga gani inayoweza kumzuia kimelea asishike kitasa. Aliagiza vichupa sita. Bei yake Inspekta alitajiwa mara moja, akaomba asitajiwe tena.

Dzigbodi ndiye aliyekwenda kuvipokea uwanja wa ndege, akavileta Taasisi, akavifungia kwenye friza. Hakuna mwingine aliyevigusa. Siku wafadhili wa Kizungu walipokuja kutembelea maabara, Profesa alikata mwenyewe mkanda wa boksi mbele yao, akainua kichupa cha kwanza kwenye mwanga awaonyeshe. Hakikuwa na kitu. Akainua cha pili, kitupu. Vyote sita vilikuwa vitupu. Akafungua kimoja akachungulia, hakuona hata vumbi. Wageni wakatazamana. Hapo Profesa akamgeukia Dzigbodi, akasema kwa sauti iliyosikika hadi korido kwamba aliyebadilisha vichupa anajulikana, na kwamba aingie chumba baridi, kwenye maelfu ya vichupa vya akiba, atoe trei moja moja mpaka vile vya kweli vipatikane.

Aliingia mchana, akatoka watu wanakwenda nyumbani. Usiku maumivu yakamshika. Kulipokucha alipelekwa hospitali, na huko hakukaa sana. Daktari aliyepasua maiti alimweleza Inspekta kwa maneno machache: selimundu. Mtu mwenye ugonjwa ule akipigwa na baridi muda mrefu, damu yake inakwama kwenye mishipa, na ikifika mapafuni ndiyo basi. Polisi walikuwa wameitwa kwa ajili ya wizi. Kifo kilikuja baadaye, na hakuna aliyefungua faili kwa ajili yake.

Taasisi walimpa Mzee Agbenyega kiti kwenye korido, wakamwambia asubiri boksi. Inspekta akaingia maabara.

Fynn, mtafiti aliyekuwa akifanya kazi meza moja na marehemu, alikuwa anasafisha kitu kilichokuwa tayari safi. Kijana mwembamba, miwani imemshuka puani. Huyu Inspekta alikuwa na neno naye. Mlinzi wa geti alimwona akitoka na kasha la baridi Ijumaa ile ile vichupa vilipofika, na alipomuuliza amebeba nini, Fynn alijibu kwamba ni chakula.

"Lile kasha, ndugu yangu," Inspekta alianza, "mlinzi anasema ulilikumbatia kama mtoto wa kwanza."

Fynn akavua miwani. "Ilikuwa barafu kavu, Madamu. Ile inayokuja na mizigo. Inatupwa tu, na mke wangu anauza aiskrimu Kaneshie, umeme ukikatika inayeyuka yote. Najua si yangu. Naomba usimwambie Profesa."

"Mkeo nilishamtembelea jana. Ya nanasi tamu, ila mpunguze sukari."

Kwa hiyo njia hiyo ilikuwa imefungwa, na Inspekta alilijua hilo kabla ya kuja. Alitaka tu kuona kama Fynn ni mtu wa kusema kweli akibanwa. Alikuwa hivyo. Akavuta kigoda, akaketi karibu naye, na hapo akaona plasta ndogo kwenye kiwiko cha kijana, kwa ndani. Mfagizi aliyempita mlangoni hakuwa nayo, lakini mtaalamu wa hadubini aliyekutana naye koridoni alikuwa nayo, na dada wa kompyuta vilevile.

"Mmechanjwa nini humu?"

Fynn alicheka kidogo, cheko la kwanza tangu Inspekta amfahamu. Alieleza kwamba vimelea wa maabara nao wanakula, na chakula chao ni damu ya mtu. Kwa hiyo watafiti wanatoa kwa zamu, leo huyu, wiki ijayo yule. Wanaita kulisha watoto. Hata Profesa hutoa, na hujisifu kwamba watoto wanapenda damu yake ya Kiashanti kuliko ya Kifante ya akina Fynn.

"Na Dzigbodi zamu yake ilikuwa lini?"

"Hakuwa na zamu. Profesa anampima damu kila anayeajiriwa, anafanya mwenyewe. Alituambia damu ya Dzigbodi wadudu hawaipendi, tusimsumbue." Fynn akarudisha miwani machoni. "Tulikuwa tunamtania kwamba ana damu chungu."

Inspekta hakuandika. Alifungua mkoba, akatoa mfuko wa vielelezo wenye vichupa sita, akaviweka mezani. Vitano vilikuwa bado na vifuniko vyake vya bati vilivyobanwa kiwandani. Wataalamu wa polisi walikuwa wamevitazama kwa wiki nzima. Bati halikuwahi kuguswa na koleo. Mkanda wa boksi ulikuwa umebandikwa mara moja tu tangu utengenezwe.

"Sasa nisaidie," alisema. "Mkanda mzima, vifuniko vizima, mali haipo. Ama mwizi wetu ni jini, ama mimi sijui ninachokitafuta. Nieleze hicho kitu kinafanana vipi."

"Cheupe. Kinakaa chini ya kichupa kama kibonge cha pamba. Tumeviagiza miaka mingi, ukikiinua tu unakiona."

"Na hicho cheupe chote ndicho kipokezi?"

"Hapana, Madamu, kipokezi ni kidogo mno. Ile nyeupe ni protini ya ng'ombe. Kiwandani wanaichanganya humo makusudi ili kipokezi kisinate kwenye kioo. Maana kipokezi chenyewe, ukikikausha bila ya ng'ombe..."

Hakumaliza. Inspekta hakumsaidia. Alikuwa amehoji watu wa kutosha kujua sentensi ipi ya kukatizwa na ipi ya kuachwa ijitafutie mwisho.

"Kitakuwa utando tu," Fynn alisema polepole. "Umelala kwenye kioo. Huwezi kuuona." Aliketi vibaya hadi kigoda kikasogea. "Miaka yote tulikuwa tunamwangalia ng'ombe."

Inspekta akamuuliza nani aliagiza safari hii. Profesa mwenyewe, kwa simu, kwa sababu ya mashine mpya waliyoletewa. Mashine ile inataka kipokezi peke yake, kisichochanganywa na kitu. Fynn alisema hivyo huku akitazama vichupa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa na mgeni.

"Kuna namna ya kujua sasa hivi?" Inspekta aliuliza.

"Ipo. Tuna rangi. Inakuwa ya kahawia, ikikutana na protini inageuka bluu."

"Basi kamwite Profesa. Usimwambie kwa nini."

Profesa Domfeh alikuja na koti lake jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya kwenye mimbari, na alimsalimia Inspekta vizuri, akampa pole ya kazi, akauliza kama faili limekwisha. Inspekta akamwambia limebaki jambo dogo. Akamwomba asimame pale aone.

Fynn aliweka vichupa viwili mezani. Kimoja kilikuwa kitupu cha maabara, kipya, hakijawahi kutiwa chochote. Cha pili kilikuwa kimojawapo cha vile sita. Alikifungua bati mbele yao, Inspekta akisaini kwenye mfuko. Profesa akauliza kama inaruhusiwa kuchezea ushahidi namna ile. Inspekta akamjibu kwamba faili ni lake na lawama zake pia. Fynn akatia maji kidogo kwenye kila kichupa, akavizungusha, akavuta tone kwa pipeti, akaliangusha kwenye rangi. Tone la kwanza lilianguka pembeni, ikabidi arudie.

Rangi iliyopata tone la kichupa cha maabara ilibaki kahawia. Ile nyingine ikageuka bluu nzito kama kitenge kipya.

Kwenye chumba kile walikuwamo wasomi wawili na askari mmoja, na wote watatu walielewa kwa wakati mmoja.

"Rudia," Profesa alisema.

Fynn akarudia kwa kichupa cha pili, na cha tatu. Bluu. Profesa akatafuta ukingo wa meza kwa mkono, akaushika.

"Niliagiza kisafi," alisema. Ile sauti ya mimbari ilikuwa imemtoka. "Mwezi wa pili. Mzigo ukachelewa, nikasahau. Mimi nimezoea kuona nyeupe. Wageni wamesimama pale, nimewaambia haya ndiyo matunda ya pesa yenu, nainua naona kioo kitupu. Niliona haya. Nilishikwa na haya, Inspekta, nikasema la kwanza lililokuja."

"La kwanza lililokuja lilikuwa mwizi."

"Ndiyo."

"Na chumba baridi?"

"Ilikuwa kumtisha tu. Sikujua kama ni mgonjwa. Angeniambia, nisingethubutu."

Inspekta alikuwa na watoto wawili chuoni, na hasira iliyompanda ilikuwa ya mama kabla haijawa ya polisi, akaisubiri ishuke.

"Profesa, humu ndani kila mtafiti ana kovu la sindano kwenye kiwiko. Binti wa watu hakuwa nalo. Ulimpima wewe, kwa mkono wako, ukawaambia wenzake kwamba wadudu hawaipendi damu yake. Uliona nini kwenye ile damu?"

Fynn alikuwa ameinamisha kichwa.

"Selimundu. Nilijua," Profesa alisema hatimaye. "Nilimwambia siku ile ile kwamba itabaki siri yetu, asije mtu akamwona dhaifu. Alinishukuru. Siku ya wageni sikukumbuka, na nilipokumbuka nilikuwa mezani nao, tunakula. Nikasema moyoni, akizidiwa na baridi atatoka mwenyewe. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo."

"Ungetoka wewe?" Inspekta aliuliza. "Umeitwa mwizi mbele ya Wazungu, na aliyekuita ni mwalimu wako. Ungetoka mikono mitupu?"

Aliyejibu ni Fynn, bila kuinua kichwa. "Nilimpelekea jaketi langu. Alikuwa anatetemeka, vidole havishiki trei. Akakataa. Akasema akivaa jaketi watasema ameficha vichupa mfukoni." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nami nikarudi na jaketi langu. Nililivaa mwenyewe."

Inspekta alifunga mfuko wa vielelezo. Akamweleza Profesa kwamba faili la wizi linakufa leo, kwa sababu hakuna wizi, na kwamba kabla jua halijatua atafungua jingine, lenye jina la Dzigbodi upande wa waliotendewa. Mwendesha mashtaka atalipatia jina analoona linafaa, uzembe au zaidi ya uzembe, na huenda wanasheria wa Taasisi wakalibishia mpaka lichakae. Hilo hakumficha.

"Lakini kuna mtu yuko nje," alisema. "Yeye hangoji mahakama. Utamwambia wewe, kwa kinywa chako, na kama ni mwanamume utakwenda Kpando ukaseme hivyo hivyo mbele ya wazee wake."

Profesa akaomba dakika moja. Inspekta akamnyima.

Korido ilikuwa ndefu na ilinuka dawa ya kufanyia usafi. Mzee Agbenyega alikuwa ameshapewa boksi. Lilikuwa magotini mwake, likiwa wazi: ndala, kikombe, kanga ya kujifunikia wakati wa chakula cha mchana, chupa nusu ya pilipili ya shito ambayo lazima mama yake ndiye aliyeipika. Kiti walichompa kilikuwa kimetazamana na mlango mzito wa chuma wenye dirisha dogo la kioo lililofunga ukungu. Hakuna aliyemwambia ni mlango wa nini. Alikuwa ameshausoma mwenyewe.

Alipowaona akasimama, kwa heshima, akaweka boksi kwenye kiti. Inspekta akamtambulisha Profesa. Mzee akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akamshukuru kwa kumsomesha mwanawe, maana Dzigbodi kila akija nyumbani alikuwa akimtaja. Profesa hakuweza kuutoa mkono wake wala kuuacha pale.

Akasema. Alisema vibaya, akianzia katikati, akarudi nyuma, akaingiza mambo ya mashine na ya kiwanda, lakini alisema yote. Kwamba vichupa havikuwa vitupu. Kwamba vilikuwa na mali yake tangu vitoke ng'ambo, haionekani kwa macho, na yeye ndiye aliyesahau. Kwamba alijua kuhusu ile damu, na bado alimtuma chumba baridi akatafute. Kwamba atakuja Kpando, atapiga magoti mbele ya ukoo, atasema binti yao hakuiba, na alazwe sebuleni kwa babu yake kama anavyostahili, na gharama zote ni juu yake.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliinamisha kichwa kila lilipotajwa jina la mwanawe, kama watu wanavyofanya kanisani. Inspekta alisogea hatua moja, akifikiri ataanguka, lakini mzee alikuwa amesimama imara kuliko wote.

"Kwa hiyo hakuiba," alisema.

"Hakuiba, baba," Inspekta alijibu. "Hakuna aliyeiba. Hakuna kilichopotea."

Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, akilikubali jambo lile, akilipakia mahali pake. Kisha akageuka akautazama ule mlango wa chuma, akaweka kiganja kwenye kioo cha dirisha, na akakiondoa haraka kwa baridi.

"Sasa nieleze, Profesa," alisema, na sauti yake haikuwa na ugomvi, alikuwa anauliza kwa sababu hakujua. "Kama hakuna kilichopotea, mwanangu alikuwa anatafuta nini humu mchana kutwa?"